Maji ya Nyumba ya Mfano

Veneranda, ambaye ua wake umepakana na ua wa Dismasi Nibitanga, anasema bibi Recheli aliyamwaga yale maji kwa makusudi. Anasimulia bondeni wanakochota, anasimulia nje ya kanisa baada ya misa, na kila akisimulia anaongeza neno. Anasema alimwona kwa macho yake mawili akiinamisha ndoo ya kwanza, halafu ya pili, huku anacheka peke yake. "Tangu Esperansi aolewe pale, mama mkwe hakumpenda," anasema. "Mtoto wa kwanza wa kike, bibi akanuna. Mimba ya pili, bibi akanuna. Roho ya mtu ni kichaka, huwezi kujua kinalala nini mle." Wanawake wanatikisa vichwa, wanaguna, wanajitwika ndoo zao na kwenda. Kijiji kizima cha Mihama Mitatu kimeshika habari hiyo. Ukiuliza kilichotokea siku ya wageni utaambiwa habari za mama mkwe mbaya, na hakuna atakayekutajia pampu.

Maji bibi Recheli aliyamwaga, hilo ni kweli. Lakini hakucheka. Na Veneranda siku ile hakuwa uani kwake. Alikuwa barabarani tangu asubuhi, kavaa sare ya kikundi cha ngoma, anasubiri magari.

Pampu ya mkono ya kijiji ilikuwa imekufa tangu mwezi wa sita. Kilichoharibika ni kimpira cha ndani, kitu cha kuingia kiganjani, na fundi wa Urambo alisema akilipiwa kimpira na nauli anakuja kesho yake. Fedha hiyo ilikuwepo. Kila kaya ilikuwa imetoa, na sanduku la kamati ya maji lilikuwa kwa mzee Vedasto, mlinzi wa pampu. Ndipo ikaja barua kwamba kata yao imeingia kwenye mashindano ya usafi, na wageni kutoka mkoani watafika kukagua.

Mkutano ulikaa kutwa. Watu walibishana saa mbili nzima kama mawe ya pembezoni mwa barabara yapakwe chokaa tupu au yachanganywe na bluu. Walibishana kama kibuyu chirizi kikae kushoto mwa choo au kulia. Kibuyu chirizi ni dumu la lita tano lililotobolewa, linaning'inia kwenye mti wa mlalo, lina kamba mpaka chini kwenye kijiti. Ukikanyaga kijiti dumu linainama, unanawa bila kulishika. Kila nyumba iwe nacho, alisema Wenceslaus, afisa afya wa kata, na isiyo nacho faini shilingi elfu kumi.

Mzee Vedasto akasimama. "Na kimpira je?"

"Mzee wangu, kimpira kitakuja na wageni," alijibu Eustace, mwenyekiti wa kijiji. "Wakikuta tu wasafi namna hii, watatupa kimpira tu? Watatupa pampu ya umeme. Mtu hamwagi mbegu kwenye shamba ambalo halijalimwa."

Watu wakapiga makofi. Fedha ya sanduku ikaenda kwenye chokaa, bango na sare za ngoma. Mikono ilinyooshwa, na mkono wa Dismasi ulikuwa juu kama mingine. Hakuna aliyemlazimisha.

* * *

Dismasi ana mikono ya kazi. Bani lake la kukaushia tumbaku halijawahi kuungua, na milango anayotengeneza haigomi wakati wa masika. Kibuyu chirizi chake kilikuwa kizuri kuliko vyote. Nguzo alizichonga akazipiga msasa, kijiti cha kukanyagia akakivalisha kipande cha tairi, na juu akaweka kipaa kidogo cha nyasi ili dumu lisipigwe jua. Watu wa vitongoji vingine walikuja kukitazama. Wenceslaus alikipiga picha kwa simu, akasema, "Dismasi, hapa ndipo wageni watakaponawa. Hii ndiyo nyumba ya mfano." Siku ile Dismasi alikula ugali wake amesimama mlangoni, anakitazama.

Ndani ya nyumba kulikuwa na kitu kingine. Nyuma ya mlango wa chumbani zilikaa ndoo mbili za lita ishirini zenye vifuniko. Zahanati haina bomba, na kila mama anayetimiza mwezi wa nane huambiwa aandae maji yake: ndoo mbili safi, pamoja na glovu, wembe na kanga. Dismasi alikuwa ameyafuata maji hayo kwenye kisima cha misheni, kilomita kumi na nne kwenda na kumi na nne kurudi, madumu nyuma ya baiskeli. Bibi Recheli akayachemsha sufuria kwa sufuria. Juu ya vifuniko aliweka kanga, na juu ya kanga rozari yake. Ishimwe, mjukuu wake wa miaka minne, aliambiwa hata akishikwa na kiu namna gani asiiguse ile kanga.

Maji ya kunywa na kupikia yalitoka bondeni, kwenye mashimo ya mchangani, yana rangi ya chai ya maziwa.

Asubuhi ya siku ya wageni Wenceslaus alifika na pikipiki kabla jua halijakaa sawa. Akazunguka uani. Akanusa chooni. Akasimama mbele ya maua yaliyong'olewa kwa padri jana yake na kupandwa katika mistari miwili kutoka barabarani hadi kwenye kibuyu. Yalikuwa yameinama yote.

"Haya yamekufa," alisema.

"Hayajafa, yana kiu," alisema bibi Recheli. "Kama sisi."

"Bibi, leo si siku ya utani. Dismasi, mwagia maua. Na sakafu ya choo ioshwe tena. Halafu tufanye zoezi."

Zoezi lilikuwa hivi. Wenceslaus alijifanya mgeni, akatembea polepole kati ya maua, mikono nyuma, tumbo mbele. Esperansi alisimamishwa mlangoni na kitenge kipya, tumbo lake likiwa la kuonekana vizuri, kwa sababu wageni wangependa kumwona mama mjamzito. Akifika mgeni angeuliza, na yeye angejibu.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Unanawa mikono wakati gani?"

Esperansi akataja zile nyakati tano alizofundishwa, moja baada ya nyingine, bila kukosea. Wenceslaus akafurahi. Akamgeukia bibi Recheli aliyekaa kwenye kigoda. "Na wewe bibi, unanawa wakati gani?"

"Nikipata maji."

Vijana waliokuja kufagia walicheka mpaka mmoja akaangusha fagio. Hata Dismasi alicheka. Wenceslaus hakucheka. "Bibi, ukijibu hivyo mbele ya watu utatuangusha kata nzima. Wewe nyamaza tu, tabasamu." Akaenda kwenye kibuyu, akakanyaga kijiti. Maji yaliyotoka yalikuwa ya bondeni. Aliyatazama kiganjani, akakung'uta mkono. "Hii ni nini? Mgeni wa mkoa anawe tope, apigwe picha na tope?"

"Ndiyo maji tuliyonayo, bwana afya," alisema Dismasi.

"Hamna maji masafi nyumba nzima? Nyumba ya mfano?"

Macho ya Dismasi yaliangalia mlango wa chumbani, na Wenceslaus ni mtu anayefuata macho.

* * *

Walizungumza ndani, watatu, kwa sauti ya chini, na kama ilivyo kwao nyumbani wakaongea Kirundi.

"Maji ya uzazi hayaazimwi," bibi Recheli alisema. "Nimezaa saba mimi. Hayaazimwi hata kwa padri."

"Mama, ni leo tu. Kesho alfajiri napanda baiskeli, naenda misheni. Nesi alisema bado wiki tatu."

"Nesi si Mungu."

"Mama, unataka nimwambie nini yule? Nyumba imeshaandikwa kwenye ratiba. Wakikosa kunawa hapa, kijiji chote kitasema Nibitanga ndiye aliyetunyima pampu."

Hilo lilikuwa na uzito, na bibi alilisikia. Wao bado waliitwa watu wa kuja, ingawa Dismasi alizaliwa hapohapo na uraia wameshapata. Kitu kidogo kikiharibika kijijini, kulikuwa na watu wa kukumbuka walikotoka wazee wake. Bibi akamgeukia mkamwana wake. "Wewe unasemaje, Mama Ishimwe? Ni yako."

Esperansi alikuwa ameegemea ukuta. Tangu alfajiri kiuno kilikuwa kikimkata na kuachia, kinakata na kuachia. Alidhani ni kuinama jana wakati wa kupanda maua. Au hakudhani hivyo, alitaka tu kudhani. Aliyakariri maneno yake wiki nzima. Hakuna mtu aliyewahi kutoka mkoani kuja kumsikiliza akisema kitu. Angesema sasa kwamba anaumwa, nyumba ingekatwa kwenye ratiba na lawama ingekaa juu ya tumbo lake.

"Chukueni," alisema. "Kesho Baba Ishimwe atayafuata."

Bibi Recheli alitoa rozari, akaivaa shingoni. Ndoo ya kwanza ilikwenda kwenye maua na sakafu ya choo. Ya pili ilikwenda kwenye kibuyu, na kwenye mazoezi, maana watoto wa shule kumi na wawili walipangwa waonyeshe jinsi ya kunawa na Wenceslaus aliwarudisha mara tatu mpaka wakapatia. Aliyekuwa akiinamisha ndoo ni bibi mwenyewe. Dismasi aliombwa na mama yake aishike yeye, akasema ana kazi ya kufunga bango.

* * *

Wageni walitarajiwa saa nne asubuhi. Saa sita lilikuja boza la maji kutoka Urambo, likapita polepole likimwagia barabara ili vumbi lisiwapate. Watoto walikimbia nyuma yake na midomo wazi. Maji ya bomba, meupe, yalimwagika kwenye vumbi na kunywewa papo hapo. Wanawake wawili walitoka na masufuria, mgambo akawafukuza kwa fimbo, kwa utani kwanza, kisha bila utani.

Saa nane kasoro magari saba yalipita mbele ya nyumba ya mfano bila kupunguza mwendo. Dismasi alikuwa amesimama kwenye mstari wa maua, mkono tayari kwa kupeana. Dakika chache baadaye Wenceslaus alipita na pikipiki. "Ratiba imebana! Wanakwenda moja kwa moja uwanjani. Njooni huko!" Hakusimama.

Dismasi alibaki pale. Nyuma yake alisikia kitu kikianguka. Esperansi alikuwa amepiga magoti mlangoni, kitenge kipya kimelowa mpaka miguuni.

"Chupa imepasuka," alisema bibi Recheli. "Lete baiskeli. Usinitazame mimi, lete baiskeli!"

Ishimwe aliachwa kwa bibi kizee mmoja asiyeweza kutembea, ndiye mtu pekee aliyebaki kitongojini. Wakamkalisha Esperansi kwenye keria, Dismasi akashika usukani, bibi akashika mgongo, wakaenda pembeni mwa barabara iliyolowa. Matope ya boza yaliganda kwenye magurudumu, na mara mbili walisimama kuyachokonoa kwa kijiti. Mara zote mbili Esperansi aliomba radhi kama vile yeye ndiye aliyewachelewesha.

* * *

Nesi Hafsa alikuwa peke yake zahanati. Mganga alikuwa uwanjani na meza ya maonyesho. Alimlaza Esperansi, akampima, akasema, "Haya, njia imefunguka, hatuna muda." Akatazama mlangoni. "Maji yako wapi?"

Bibi Recheli alishika rozari yake shingoni.

"Mama Ishimwe, nilikuandikia kwenye kadi. Ndoo mbili. Ziko wapi?"

"Yalitumika," alisema Dismasi.

"Yalitumika wapi?"

"Kwa wageni."

Hafsa alikuwa na mengi ya kusema. Lakini pipa la zahanati lenyewe lilibebwa jana na kamati ya chakula kwenda kupikia pilau, na yeye ndiye aliyewafungulia stoo. "Nina chupa moja na nusu," alisema, "yangu ya kunywa. Nitaanzia hayo. Tafuteni mengine. Ya bondeni msiniletee, mtu akivuja damu siwezi kumwosha kwa yale. Upesi."

Bibi Recheli alitoka na ndoo akazunguka nyumba za karibu. Kila nyumba ilikuwa na kibuyu chirizi mlangoni, kama ilivyoagizwa. Alikanyaga kijiti cha kwanza, halikutoka tone. Cha pili hivyohivyo, ila ndani kulikuwa na kitu kinagonga. Alifungua kifuniko akatazama: jiwe. Wenye nyumba walitia mawe ili upepo usiyapeperushe madumu matupu. Nyumba kumi na moja alizunguka. Katika moja alipata kikombe cha maji ya rangi ya chai. Alikimimina chini, akakaa juu ya jiwe lililopakwa chokaa, akalia kwa mara ya kwanza tangu amzike mume wake.

Dismasi alirudi nyumbani kwa baiskeli, akakata kamba ya kibuyu chake, akalileta dumu lilivyo. Lilikuwa limebaki nusu. Hafsa alilipokea mlangoni, mikono yake ina damu mpaka kwenye viwiko. Mtoto alikuwa ameshatoka. Dismasi alimsikia analia, kilio chembamba cha paka, akataka kuuliza ni wa kike au wa kiume.

"Kondo la nyuma halijatoka lote," Hafsa alisema kwanza. "Anavuja. Natakiwa niingize mkono, na siwezi kuingiza mkono huu. Nimeshapiga simu Urambo, gari la wagonjwa liko kwenye msafara wa wageni. Lita mbili hizi nikinawa mimi zimekwisha, yeye namwosha na nini? Baba Ishimwe, kalete maji. Hata ndoo moja. Nenda kwa watu wa boza."

* * *

Boza lilisimama nyuma ya mahema. Dereva wake, Mayala, alikaa kivulini mwa gurudumu anakula pilau kwenye sahani ya karatasi.

"Shikamoo kaka. Naomba ndoo moja ya maji."

"Marahaba. Maji ya barabara haya, ndugu yangu. Yamebaki ya mara moja tu, wakati wa kuondoka kwao."

"Mke wangu anajifungua. Anatoka damu."

Mayala aliweka sahani chini. Akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mimi siyauzi wala siyanyimi. Lakini nimesaini. Yule mwenye kofia pale mbele ndiye anayeamuru. Akininyooshea mkono tu, hata kwa mbali, nafungua. Kimbia kamwambie."

Mwenye kofia alikuwa Wenceslaus, amesimama kando ya jukwaa na karatasi ya ratiba. Dismasi alipita chini ya kamba, ndoo mkononi, mgambo akamwachia kwa sababu alimjua.

"Bwana afya."

"Najua, najua," Wenceslaus alinong'ona bila kumtazama. "Hawakufika kwako. Usijali, nyumba yako inatajwa. Iko namba nne."

"Siyo hilo. Naomba maji ya..."

"Shh! Mgeni anaongea."

Mgeni alikuwa akisoma. Alisema usafi ni afya, na afya ni maendeleo. Alisema amepita barabarani akaona mawe meupe na vibuyu chirizi kila mlango, na hajaona kijiji kama hiki katika mkoa mzima. Makofi. Namba moja ikatajwa, shule. Namba mbili, mwenyekiti Eustace. Namba tatu, kikundi cha ngoma. Veneranda na wenzake wakaruka wakipiga vigelegele. Kila kutaja kulikuwa na picha, na kila picha ilirudiwa.

"Nyumba ya mfano! Ndugu Dismasi Nibitanga!"

Alisukumwa mgongoni. Akapanda ngazi, ndoo tupu mkononi, shati lina matope na doa ambalo si la matope. Uwanja mzima ukacheka kwa furaha, na mshereheshaji akadaka nafasi. "Mnaona wananchi! Amekuja na ndoo yake! Huyu usafi uko kwenye damu!" Watu wakacheka zaidi. Mgeni, mtu mzima mwenye uso mpole, akampa cheti kwa mkono wa kulia. Dismasi akakipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na ndoo. Baadhi ya wazee wakaguna kwa utovu huo wa adabu. Picha ikapigwa.

"Sema neno moja tu kwa mgeni wetu," mshereheshaji alisema, akampa kipaza sauti.

Dismasi hakuwahi kushika kipaza sauti. Alikisogeza karibu mno, kikapiga mluzi, watu wakaziba masikio.

"Shikamoo mheshimiwa," alisema. "Nina ombi. Mke wangu yuko zahanati, amezaa, damu haikati. Nesi hana maji ya kunawa. Maji yetu tuliyatia kwenye kibuyu. Naomba ndoo moja kutoka kwenye lile boza. Moja tu. Nitaibeba mwenyewe."

Kicheko kilikatika upande wa mbele, kikaendelea kidogo upande wa nyuma ambako hawakusikia vizuri, kisha nako kikaisha. Mgeni alimtazama mkuu wa msafara. Mkuu wa msafara alimtazama mwenyekiti Eustace. Eustace alimtazama Wenceslaus. Katika mahema mtu alikohoa. Mshereheshaji alinyoosha mkono taratibu kutaka kipaza sauti chake, na Dismasi akampa, kwa kuwa ni chake.

Nyuma ya mahema, Mayala alikuwa ameshapanda kwenye ubavu wa boza na kushika koki. Kutoka pale alimwona Wenceslaus vizuri. Alisubiri mkono wake unyooke. Wenceslaus alikuwa ameinamia karatasi, anatafuta namba tano.